Nyumba za Jamvi

Picha ilipigwa saa nne na robo asubuhi,
mwezi ambao Pemba nzima inanukia karafuu,
na chombo kilichoipiga, huko juu, hakina pua.

Mashine ikahesabu Mtondooni:
nyumba mpya sitini na tatu
zimeota kwa mwaka mmoja,
zote mstatili, zote paa la kahawia,
hazina uchochoro, hazina choo.
Mkuu wetu wa mipango akapiga meza kwa furaha:
"Mji huo unakuja!"
Akachora bomba la maji kwa kalamu ya buluu.
Wino ulikuwepo bado, akachora na soko.

Nikatumwa kuhakiki.
Nilibeba kishikwambi, chupa ya maji, na ramani
iliyokunjwa mara nne,
mkunjo umepita juu ya msikiti.

Nyumba namba kumi na saba
nilimkuta mwenyewe amepiga magoti katikati yake,
anaigeuza kwa viganja.
Bi Mkasi Faki, kucha zimeingia weusi wa kuchambua.
"Hodi," nikasema, maana nilisimama
juu ya mstari mwekundu wa ukuta wake.
"Karibu. Vua viatu, usinikanyagie."

Nikamwonesha: hii hapa, bibi, nyumba yako.
Akakiweka kishikwambi mbali, akakileta karibu.
"Hilo jamvi.
Lina tundu pembeni, panya walilila mwaka juzi.
Tundu hamkuliona?"

Hatukuliona.
Kila nukta ya picha ni nusu mita ya ardhi.
Panya hajafikia kiwango.

"Na ninapolala mimi ni wapi?"
Nikatafuta. Nikakuza mpaka picha ikawa vigae.
Mikarafuu tu, kijani juu ya kijani,
imeandikwa MSITU.
Na chini ya msitu huo, hatua thelathini kutoka tulipo,
ukuta wa udongo, jiko linafuka,
mjukuu wake Thuweiba anasoma juzuu kwa sauti,
kisima cha maji ya chumvichumvi,
makaburi matatu ya mawe yasiyo majina.

Hakukasirika. Alicheka hadi akakaa.
"Karafuu mmezipa nyumba,
mie mkanitia mwituni na nguchiro."

Mara wingu likatanda upande wa Kojani.
Mtu mmoja akapiga ukelele, ukapokewa,
na sijapata kuona mji ukihama namna ile:
nyumba kumi, nyumba ishirini,
zimekunjwa pembe kwa pembe,
zimepanda vichwani, watoto wameng'ang'ania ncha.
Kumi na saba niliibeba mimi,
upande wa tundu.
Nyuma yangu karafuu zikadondoka, moja, moja,
mpaka mlangoni.

Ndani, mvua inapiga makuti, nikafungua fomu.
Matumizi ya ardhi, chagua moja:
Makaazi. Kilimo. Msitu. Barabara. Ardhi tupu.

"Hilo bomba linapita wapi?"
Uwanjani, bibi. Kwenye majamvi.
"Pasipo na mdomo wa kunywa."
Ndiyo.
"Na huku?"
Huku msitu.

Akanyamaza, anachomoa kikonyo kilichonasa kangani.
"Basi usizifute. Ukizifuta zote
watasema Mtondooni hapana watu,
na bomba litageuza njia lirudi mjini."

Hilo halimo kwenye mafunzo.

Nikaweka kidole juu ya kumi na saba.
Nikaiburura, taratibu, kutoka juani,
nikaiingiza chini ya miti, nikaiacha
juu ya vichwa vyetu.
Thuweiba akafunga juzuu, akasogea.
"Ile ya kina Shaame ipo nyuma ya mfenesi.
Ile ya Bi Tumu ina vyumba viwili, kimoja kimebomoka.
Kilichobomoka kinahesabiwa?"

Tulifika arubaini na moja, betri ikazima.
Zilizobaki alizichora yeye, kwa mkaa,
nyuma ya ramani,
kila moja ameitia mlango.